Mrija wa Watalaka

Bi Mrija hakupenda mtu amguse bega akiwa mbele ya moto. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mpulizaji vioo wa kitivo cha sayansi. Karakana yake ilikuwa chini kabisa ya jengo: chumba kimoja kirefu, mitungi ya gesi imefungwa minyororo ukutani, mashine ya kuzungushia kioo, na benchi lililoungua kila mahali palipoweza kuungua. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Wote, kuanzia Profesa hadi mfagiaji, walimwita Bi Mrija, naye akaitika, maana yako majina mabaya kuliko hilo na mengine alishawahi kuitwa.

Ukimwona mtaani usingemdhania. Mfupi, mnene kiasi, miwani inaning'inia kwa kamba, na unyusi wa kushoto haujaota sawasawa tangu mwaka ule alioudharau moto. Lakini mpe fimbo ya kioo kile kigumu kisichoogopa joto, atakuvutia mrija wenye koo jembamba kuliko sindano ya magunia, na hautavuja. Hautavuja, narudia, kwa sababu maneno yote ya hadithi hii yanaanzia hapo. Tangu aajiriwe hakuna mrija wake hata mmoja uliorudishwa kwa kuvuja. Wengine wana mashamba, wengine wana watoto saba. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, na shamba hawakuwa nalo. Alikuwa na hilo.

Sasa, mashine. Ghorofa ya pili kulikuwa na bomba la chuma, refu kama kitanda cha watu wazima, linalofyonzwa hewa na pampu mbili zinazonguruma kutwa. Ndani yake ilipitishwa gesi ya heliamu, na ndani ya heliamu zilielea elektroni. Si zile elektroni kali zinazopasua vitu. Hizi zilikuwa zimegonganagongana na heliamu mpaka zikaishiwa nguvu, zinazurura tu bila kumdhuru mtu. Ila zikikutana na molekuli inayozitaka, humezwa. Binti aliyekuja kusomea udaktari wa fizikia alitaka kujua zinamezwa kwa kasi gani na vile vipande vya molekuli ambavyo haviishi hata sehemu ya mia ya sekunde. Huko viwandani wanakochonga vidude vya ndani ya simu, gesi zao hujaa vipande hivyo na elektroni hizo chovu, na namba za kutegemewa hakuna aliyekuwa nazo. Kitu kinachotoweka kabla hujamaliza kukohoa utakipimaje?

Bi Mrija ndiye aliyevipa vipande jina. Aliviita watalaka, na jengo zima likamfuata. "Molekuli nzima ni ndoa," alikuwa akiwaeleza wageni, huku Profesa akijifanya hasikii. "Unaipitisha kwenye mrija wangu, mrija umepashwa mpaka umekuwa mwekundu, ndoa inavunjika. Iodini, mmoja wa wanandoa, inashika njia yake. Mwenzake anabaki amesimama mlangoni na mabegi, hana pa kwenda. Huyo ndiye mtalaka, na mtalaka hana subira. Wa kwanza kukutana naye, hata kama ni ukuta, anamng'ang'ania. Wewe una kanafasi kadogo tu ka kumpima kabla hajaolewa tena."

Na Binti, alimpata wapi? Alishuka mwenyewe karakana siku moja, mwembamba, begi moja, kafukuzwa kwenye chumba alichopanga kwa sababu mwenye nyumba alimtaka mpangaji mwenye kipato. Alikuja kuagiza mrija, akaishia kulia juu ya benchi. Bi Mrija alimwambia asilie karibu na kioo cha moto, kitapasuka, kisha akampeleka nyumbani. Wakampa chumba cha ndani. Mumewe Bi Mrija, fundi viatu aliyestaafu, alimwekea soli mpya siku ile ile bila kuulizwa. Wiki ya tatu Binti akamwita Mama, na haki ya nani, mwanamke yule aliyekuwa amezoea kuitwa Bi Mrija na watu mia mbili alikwenda jikoni akasimama kule muda mrefu bila kupika chochote.

Akakaa nao miaka mitatu. Jioni alikuwa akiwasomea ripoti zake kwa sauti, mzee akisinzia na Bi Mrija akiuliza maswali, na kwa maswali hayo Bi Mrija akaijua fizikia ya lile bomba kuliko vijana wengi waliokuwa wakilipiwa kuijua. Karakana ilikuwa na utaratibu wake: mteja anajaza fomu kwa karani, anaweka mchoro, anasubiri foleni wiki tatu. Binti hakuwahi kuiona fomu ilivyo. Alikuwa akishuka na mchoro nyuma ya bahasha, anasema, "Mama, kesho?" na kesho mrija uko tayari. Waliokuwa kwenye foleni walinung'unika, nao walikuwa na haki.

Kosa lenyewe lilitokea mchana, watu wote wakiwa macho. Bi Mrija alikuwa amepanda ghorofa ya pili kufunga mrija mpya. Alipomaliza akatazama grafu kwenye skrini, akaona kilele kimesimama pale ambapo hakikutakiwa.

"Mwanangu, kile nini?"

"Iodini, Mama. Iodini iliyokwisha kupata elektroni. Ni masalia tu."

"Masalia yanatoka wapi? Iodini iliyo peke yake haiwezi kuikamata elektroni chovu, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Na mtalaka hana iodini, wameshaachana. Hicho kinatoka kwenye ndoa nzima. Elektroni inaingia, inaivunja, iodini inatoka nayo. Moto wako digrii ngapi?"

Binti akajibu huku anaandika. "Mia saba."

"Nilikuandikia elfu moja na mia moja."

"Kwa moto huo koo linaziba masizi kila baada ya siku mbili, Mama. Nitakusumbua mpaka lini? Una foleni ya watu. Na kongamano ni mwezi ujao."

Ndilo kosa la watu wa kazi hiyo, na linatokana na huruma nusu na uvivu nusu: unapunguza moto ili mrija udumu. Mrija unadumu kweli. Lakini ndoa nyingi zinapita bila kuvunjika, na ndoa nzima ya gesi ile ni mlafi wa elektroni, wakati mtalaka wake huzigusa kwa mbali tu. Ukijumlisha walichokula wote wawili ukamwandikia mtalaka peke yake, umemsingizia.

"Nisumbue," Bi Mrija akasema. "Kazi yangu ni kusumbuliwa. Pandisha moto mpaka kile kilele kife, ndipo upime. La sivyo unapima kitu kingine."

"Sawa, Mama. Nitafanya."

Hakufanya. Haraka haina baraka, lakini ina kongamano. Wiki chache baadaye Binti akashikwa na homa kali, na Bi Mrija akaomba ruhusa ya siku tatu, akalala chini kando ya kitanda chake, akibadilisha kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Siku ya pili mgonjwa aliomba kompyuta yake. Alisema anamwandikia Profesa, kumpa taarifa tu. Bi Mrija akamwekea mto mgongoni ili akae vizuri.

Makala ikatoka. Namba ilikuwa kubwa kiasi cha kuwashangaza watu: kwamba kipande kile kinazimeza elektroni kwa pupa ambayo hakuna nadharia iliyoitabiri. Watu wakapiga makofi. Binti akawa Daktari, akapewa mkataba wa kufundisha, akapanga nyumba yake, na kila Jumapili akawa anakuja kula kwa Mama. Bi Mrija alimuuliza mara moja tu kama kile kilele kilikufa. "Kilikufa, Mama," akajibiwa, na mama gani atamdai mtoto risiti?

Miezi minane baadaye, maabara nyingine, nchi nyingine kabisa, wakapima kipande kile kile wakapata namba ndogo mara kumi. Jarida likaandika barua ya upole yenye meno ndani. Profesa akaitisha kikao.

Hapo inabidi nimtaje Bwana Ugavi. Huyu alikuwa mnunuzi wa kitivo, mtu mwenye suti moja na mawazo mawili, na wazo la kwanza lilikuwa kuifunga karakana ya vioo. La pili lilikuwa katalogi. Mirija inauzwa tayari, alisema kila mwaka, ya nini kumweka mtu na mitungi ya gesi chini ya watu wanaosoma? Kila mwaka Profesa alimjibu jibu moja: mirija ya Bi Mrija haivuji. Mwaka ule Bwana Ugavi aliingia kikaoni na katalogi kwapani. Kwa hiyo kila aliyekaa mezani alijua kinachopimwa. Mrija ukionekana ndio ulioharibu namba, karakana inafungwa, na Bi Mrija anakwenda nyumbani mwaka mmoja kabla ya kustaafu, ile sifa yake moja ikiwa imevunjwa.

Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Alikaa karibu na dirisha, akamtabasamia Binti kumtia moyo, maana alifikiri mtoto ndiye aliye matatani. Alikuwa ameshapanga la kusema: kwamba ni kosa la moto, kosa la kawaida, kwamba hata wazoefu hulifanya.

Profesa akauliza, "Daktari, unadhani nini kilitokea?"

Binti hakumtazama mtu. "Mrija," akasema. "Nadhani ulikuwa na ufa mwembamba karibu na koo. Hewa ya nje ikawa inaingia, ikala elektroni. Ufa wa aina hiyo hauonekani kwa macho. Fundi alikuwa na kazi nyingi kipindi kile, sidhani alipata muda wa kuupima vizuri."

Fundi. Si Mama, wala hata Bi Mrija. Bi Mrija alibaki na lile tabasamu usoni, hajui aliweke wapi. Akajiambia labda mtoto amechanganyikiwa, labda ametishwa, labda kuna mtu amemlisha maneno, na angeendelea kumtafutia visingizio mpaka jioni kama Profesa hangefungua faili.

"Kusema kweli, Bi Mrija, hili si jambo jipya," Profesa akasema, na aliona aibu, tumpe haki yake. "Daktari aliniandikia mapema, kabla makala haijapelekwa. Sikulitilia maanani wakati ule." Akasoma. Barua ilisema kwamba mwandishi ana mashaka na ubora wa kazi ya vioo, kwamba hataki kumchongea mtu mzima aliyemsaidia, lakini likizuka tatizo baadaye, basi ijulikane kuwa alitahadharisha. Akamalizia na tarehe. Tarehe tisa, mwezi wa sita.

Tarehe nane mwezi wa sita ndiyo siku aliyoanza Bi Mrija ile ruhusa ya siku tatu.

Akahesabu tena, kwa vidole, chini ya meza. Hesabu ikawa ile ile. Barua ile iliandikwa kwenye chumba chake cha ndani, juu ya mto aliouweka yeye, yeye mwenyewe akiwa hatua mbili tu kutoka pale, anakamua kitambaa. Kwa hiyo haikuwa hofu ya leo. Mtoto alijua tangu siku ile kwamba namba ni mbovu, akamwandaa Mama wa kuangushiwa jumba bovu, kisha akaja Jumapili baada ya Jumapili akala chakula chake. Miezi minane ya kuuma na kupuliza. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akisema pia, kwa habari za watu wengine.

Alitaka kuinuka aondoke. Bwana Ugavi alikuwa ameshafungua katalogi ukurasa wa mirija.

"Bi Mrija," Profesa akasema, "una la kusema?"

"Naomba ile karatasi ya grafu. Ya siku ya kupima."

Akapewa. Akavaa miwani, akaweka kidole juu ya kilele, akaisukuma karatasi katikati ya meza.

"Hiki ni iodini, Profesa. Hewa haina iodini."

Profesa akainama. Bi Mrija akaendelea polepole, kama anayemweleza mgeni, isipokuwa safari hii hakutia mzaha wowote. "Ufa ungeingiza hewa, tungeona vilele vya hewa. Hapa havipo. Kilichopo ni iodini, na iodini haipati elektroni isipokuwa kwenye molekuli nzima. Molekuli nzima zilipita kwa sababu mrija haukupashwa vya kutosha. Digrii mia saba. Imeandikwa pembeni hapo, kwa mwandiko wa Daktari. Mrija ulikuwa mzima. Kama mnataka, uko kabatini, uunganisheni na pampu sasa hivi."

Wakauunganisha. Haukuvuja. Bwana Ugavi alirudisha katalogi kwapani, akasema ana kikao kingine. Karakana ikabaki. Profesa akatamka maneno yanayotamkwa, kwamba sote ni binadamu, kwamba tusonge mbele, na Daktari akapewa nafasi ya kupima upya na kusahihisha makala. Hakuna aliyemwambia Bi Mrija pole. Mumewe alipoambiwa jioni ile aliuliza jambo moja tu: "Tarehe tisa, una hakika?" Alipojibiwa ndiyo, alikwenda kulala bila kula.

Siku ya nne Binti alishuka karakana. Macho yamevimba, mkononi ana mchoro nyuma ya bahasha. Alisimama mlangoni mpaka Bi Mrija akazima moto.

"Mama."

"Karibu, Daktari."

"Niliogopa, Mama. Mkataba wangu ulikuwa haujathibitishwa, na sina mtu mwingine wa kunishika mkono. Nilifikiri wewe hawatakufanya kitu. Wewe unapendwa na kila mtu."

"Wangeifunga karakana."

"Sikujua kama—"

"Ulijua. Habari za katalogi nilikusimulia mimi, tukila." Bi Mrija alichukua kitambaa akawa anafuta mikono ambayo ilikuwa safi. Kulikuwa na swali moja lililomnyima usingizi siku zote nne, na ndani ya swali hilo alikuwa amemwachia mtoto mlango. "Niambie. Ulipokuwa unaandika ile barua, homa ilikuwa imekupanda?"

Angesema ndiyo tu. Bi Mrija angelichukua jibu hilo, angelibeba, angelifanya litoshe. Watu huandika mengi kichwa kikiwa kinachemka.

Binti alitazama sakafu. Alikuwa amesema uongo mwingi mwaka ule, na akachagua saa hiyo kuacha.

"Ilikuwa imeshashuka, Mama."

Bi Mrija akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Kisha akaitazama bahasha. "Huo mchoro?"

"Mrija mpya. Jarida limenipa wiki sita. Hakuna mwingine anayeweza kulivuta lile koo."

"Fomu ziko kwa karani, ghorofa ya kwanza. Mbele yako wako kumi na mmoja."

Binti alisubiri kidogo, pengine akidhani ni utani, kwa kuwa kwa miaka yote mama huyu alikuwa hakosi utani. Kisha akapanda ngazi kwenda kujaza fomu. Bi Mrija akawasha moto, akaharibu koo la mrija wa kwanza, akaharibu la pili, akauzima, akakaa kwenye stuli akalia kwa kwikwi, mlango wazi, na waliopita koridoni wakapita haraka.

Zamu ya kumi na mbili ilipofika aliutengeneza mrija ule kama inavyotakiwa, akaupima mara mbili, akaupeleka juu kwa tarishi pamoja na karatasi ya kusaini. Binti akaupasha digrii elfu moja na mia moja. Koo liliziba kila baada ya siku mbili, akajaza fomu kila mara, na kila mara akapewa mrija mzima. Mrija wa kubadilisha ulioziba haupangi foleni, ndio utaratibu kwa kila mteja. Kilele kilikufa. Namba iliyopatikana ilikuwa ndogo, sawa na ya wale wa nchi nyingine.

Makala iliyosahihishwa ilipokaribia kutoka, Profesa alishuka mwenyewe na nakala ya mwisho. Alikuwa na furaha, akidhani ameleta dawa. Alimwonyesha mistari ya shukrani chini ya ukurasa wa mwisho, ambapo Daktari alikuwa ameandika kwamba kazi yote isingewezekana bila mama yangu, Bi Mrija, mpulizaji vioo wa kitivo.

Bi Mrija alivaa miwani akausoma mstari ule mara mbili, akaomba kalamu. Akakata maneno mawili, mama yangu, kwa mstari mmoja ulionyooka, akayaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Alipomrudishia Profesa karatasi akamuuliza kama kuna kingine, maana alikuwa na kazi mezani.